Nainuka!

Waliokuwepo siku ile kwenye benchi la kona ni hawa: Tani Moja, muuza nyama, amekalia mwisho wa kulia kama kawaida yake, Injinia, fundi wa redio na simu, yuko ubavuni pake bila neno, mzee Redio, mlinzi mstaafu, ameiweka redio yake ndogo mapajani, na Sindano, fundi cherehani, mwembamba kama jina lake, yuko mwisho wa kushoto. Mbele yao, juu ya kigoda, alikuwepo dada wa kahawa na birika lake, mtoto amelala mgongoni. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu mbele ya duka lililofungwa siku nyingi. Kushoto ubao ulilala juu ya injini mbovu ya gari. Kulia ulilala juu ya tofali kubwa la saruji lililosimamishwa wima. Lakini tofali hilo halikuwa mwishoni, lilikuwa ndani kidogo, chini ya mapaja ya Injinia, kwa hiyo pale alipokaa Tani Moja chini yake hapakuwa na kitu ila hewa. Ndiyo maana kijiwe kile kilikuwa na sheria. Mtu wa upande wa kushoto akitaka kusimama, lazima kwanza aseme kwa sauti: "Nainuka!" Hapo Tani Moja hukanyaga ardhi kwa nguvu, hushika nondo ya dirisha la duka, na kungoja mwenzake akae tena. Wageni walifundishwa sheria hiyo kabla ya kupewa kikombe.

Siku ile dada wa kahawa alikuwa na jambo. Walilijua kabla hajasema, kwa sababu alimmiminia Sindano kahawa ikafurika mpaka kwenye kisahani, naye si mtu wa kumwaga. Sindano, ambaye siku nyingine angemsema mpaka jua lichwe, aliinua kisahani akakinywa kimya kimya, ndipo akauliza.

– Haya, dada. Nani kakuudhi tumfuate? Hatumpigi. Tani atamkalia tu, inatosha.

– Hakuna aliyeniudhi. Ni mdogo wangu.

– Kafanya nini mtoto wa watu? Si amefaulu?

– Amefaulu. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Akawaeleza. Mdogo wake anaendelea na masomo ya juu, ile miaka miwili ya mwisho kabla ya chuo kikuu. Shule inataka achague: upande wa fizikia, au upande wa historia na lugha. Alama zake zinamruhusu kote kuwili. Rafiki zake wote wamekwenda historia. Kwenye fizikia wasichana ni wa kuwatafuta kwa tochi. Mwalimu amesema mlezi afike leo atoe neno, kabla ofisi haijafungwa jioni. Na mwenyewe alipoulizwa anataka nini, alisema, "Dada, amua wewe." Kisha asubuhi akafagia ua mara mbili.

– Mara mbili? akauliza Tani Moja.

– Mara mbili. Na ulitakata tangu mara ya kwanza.

– Hilo ni zito, akasema Tani Moja.

Kuna jambo dada hakulisema, na wao hawakulidai kwa sababu walilijua. Mama yao alipofariki, mmoja alilazimika kubaki nyumbani, na mdogo alikuwa hata hajaanza kuandika jina lake. Dada akaishia shule ya msingi. Alichosoma ndicho hicho. Leo anatakiwa achague jambo asilolijua hata mlango wake ulipo, na akikosea, watakuwa wamepoteza shule wote wawili.

Mzee Redio akakohoa. Redio yake alikuwa ameshaipunguza sauti tangu alipoona mtoto amelala. Kila siku hufanya hivyo, na kila siku hujifanya betri ndizo zinazokwisha.

– Fizikia, akasema. Hapo umefika kwa mwenyewe. Mimi nimelinda shule tangu nina meno yote.

– Ulilinda geti, mzee.

– Na maabara ilikuwa jirani na geti, Sindano. Harufu yake niliipata mimi kabla ya wanafunzi.

– Fizikia nayo ina harufu?

– Inanuka waya ulioungua. Kemia inanuka mayai viza. Biolojia inanuka chura. Ukitaka kujua mwanao asome nini, usimsumbue kwa maswali. Mpe anuse.

– Na historia inanuka nini?

– Historia hainuki. Imekwisha kauka.

Dada alitabasamu kidogo, akamwongezea kahawa. Sindano akaweka kikombe chini, akapandisha kanda yake ya kupimia shingoni kama hakimu anayevaa joho.

– Mimi nasema asisome. Wahenga wamesema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

– Sasa hiyo inaingiaje hapa? akauliza Tani Moja.

– Inaingia yote na viatu vyake. Fizikia ni kuinama, bwana. Ainame juu ya kitabu, ainame juu ya vile vyombo vyao, miaka miwili mtoto wa kike ameinama. Akija kwangu kushona gauni, nitalikata vipi? Nyuma refu, mbele fupi?

– Kwani historia hawainami?

– Historia inasomwa umeegemea.

– Wewe unashona umeinama tangu asubuhi, akasema Tani Moja, na gauni hujavaa.

– Mimi nimeshaolewa na cherehani, niache.

Tani Moja akacheka, na alipocheka ubao nao ukalia. Akaungoja utulie.

– Nisikilizeni mimi. Fizikia ni mizani. Hakuna kingine. Hao walimu wanazunguka tu, lakini ukiwabana sana watakuambia ni mizani. Na mimi mizani ninaishika kila siku. Nawaambieni jambo lisilo kwenye kitabu chochote: nyama ya asubuhi ni nzito kuliko ya jioni. Nyama ileile! Imening'inia palepale!

– Inakauka, akasema Injinia. Lilikuwa neno lake la kwanza.

– Haikauki. Inachoka. Kitu kikining'inia kutwa, hakichoki? Uzito unatoka.

– Kwa hiyo kuchoka kunapunguza uzito, akasema Sindano. Mbona wewe jioni ndiyo unazidi?

– Kwa sababu mimi sining'inii!

– Jamani, akasema dada. Mimi nimekuja kutafuta jibu, mnanipa nyama.

– Subiri, dada, subiri, akasema Sindano. Haraka ya nini? Bandu bandu huisha gogo, ndiyo maana mtu mzima hashiki shoka asubuhi.

Hakuna aliyeelewa, lakini ilikuwa imesemwa kwa heshima, wakaipisha.

– Tuseme ukweli, akaendelea. Msichana akisoma fizikia nani atamuoa? Wanasoma mwendo wale. Mwendo na umbali. Mume atasema, mke wangu, nafika dukani mara moja. Naye atakaa jikoni apige hesabu: duka liko hapa, mtu mzima anatembea hivi, kununua chumvi hivi, kurudi hivi. Ukifika mlangoni anakuambia, "Mume wangu, dukani hukwenda."

– Lo! akasema mzee Redio. Basi asisome.

– Basi asome, akasema dada.

Walicheka wote, hata Injinia. Mtoto akajinyoosha mgongoni kwa mama yake, akalala tena. Kanga ile ya kumbebea ilikuwa na kiraka kipya kwenye kona. Dada alikiona asubuhi ile tu alipoikunjua. Jana aliisahau kwenye kibanda cha Sindano, akarudishiwa jioni imekunjwa, na Sindano hakusema lolote. Wala leo hakusema. Uzi ulikuwa wa rangi ileile, umetafutwa.

– Tatizo la fizikia si ndoa, akasema mzee Redio. Tatizo ni kwamba inasema mambo yasiyoonekana. Inasema dunia inazunguka. Haya. Stesheni yangu naifungua asubuhi, sindano ya redio naiacha hapohapo. Jioni naikuta stesheni palepale. Kama dunia ingekuwa inazunguka, si ingekuwa imeshahamia kwa jirani?

– Labda na stesheni inazunguka, akasema Tani Moja.

– Pamoja na mimi?

– Pamoja na wewe.

– Sasa tukizunguka wote, nani anajua kama tunazunguka?

Swali hilo liliwakalia vibaya. Kila mtu akanywa kidogo. Sindano ndiye aliyewaokoa, maana Sindano hajawahi kuona ukimya asiutie kiraka.

– Mimi naijua hii habari mpaka mizizi. Zamani watu walikuwa wepesi. Babu yangu aliruka ukuta wenye kimo cha mtu mzima, ametoka kula. Wazee wote walikuwa wanaruka. Kisha shule zikaja, wakaanza kufundisha hii nguvu ya mvutano, kwamba ardhi inavuta watu. Tangu walipoanza kuitaja, ndiyo inavuta! Kabla ya hapo ardhi ilikuwa imekaa zake. Wameiamsha. Mtazame Tani.

– Usinitie mimi kwenye ardhi yako.

– Nakutia kwa sababu wewe ndiye ushahidi. Wakiacha kufundisha mwaka mmoja tu, mwaka mmoja, Tani atakuja kijiweni ameshikwa mkono kama puto.

– Na benchi hili? akauliza mzee Redio. Mbona linampindua Tani peke yake?

– Ubao una wivu.

– Si wivu, akasema Tani Moja kwa uchungu kidogo. Ni mteremko. Barabara yote hii imeinama.

– Ni dunia inazunguka upande huo! akasema mzee Redio.

– Umesema haizunguki!

– Nimesema sijui kama inazunguka. Lakini ikizunguka, inazunguka upande huo.

Dada akalitikisa birika asikilize lililobaki. Jua lilikuwa limeanza kuingia chini ya paa. Hakuwa ametarajia sana. Alijua waliokaa pale ni watu gani. Lakini mtu mwenye mzigo huuweka popote penye watu, hata kama hawana mikono. Akamtazama Injinia.

– Kaka Injinia. Wewe uliisoma.

Jambo hilo halikuzoeleka kuulizwa. Injinia aliwahi kwenda huko, miaka mingi nyuma, akakaa mwaka wa kwanza wa ile miwili, akarudi nyumbani na sanduku lake. Jina la Injinia alipewa wiki aliyorudi, na lilikuwa kejeli. Lakini watu walilitumia sana mpaka kejeli ikalika, kama soli ya kiatu. Sasa lilikuwa jina tu.

– Niliisoma nusu, akasema.

– Ni ngumu?

Injinia alikizungusha kikombe mkononi.

– Sijui, dada. Kusema kweli sijui kama ni ngumu. Mwalimu aliandika ubaoni, akauliza, mmeelewa? Wenzangu wakaitikia, ndiyo. Mimi sikuelewa. Nikasema nikiuliza watanicheka, nitakuja kuelewa mbele. Nikaitikia. Kesho yake kilichoandikwa kimepandana juu ya kile cha jana. Nikaitikia tena. Nikaitikia mwaka mzima. Mtihani ulipokuja, mtihani hauitikiwi.

Hakuna aliyecheka. Dada aliliona hilo, kwa sababu watu wale hucheka hata mtu akipiga chafya.

– Hata mimi ningeitikia, akasema Sindano.

– Mimi ningeitikia kwa sauti kuliko wote, akasema Tani Moja. Ningemziba masikio hata mwalimu.

– Mimi, akasema mzee Redio, nilikuwa naitikia nikiwa getini.

Injinia alitikisa kichwa, akatabasamu ndani ya kikombe. Sindano akatazama kibanda chake, akakumbuka pasi.

– Nainuka! akapaza sauti.

Tani Moja akakanyaga ardhi, akashika nondo. Sindano akasimama taratibu, akavuka kwenda kibandani kugeuza pasi yake ya mkaa isiunguze suruali ya mteja. Ubao ukalia, ukatulia. Mzee Redio alikuwa bado upande wa kushoto, naye si mwepesi, basi Tani Moja akaachia nondo, akapokea kikombe chake.

Na mambo yangebaki hivyo, kama mzee Redio asingekuwa na huruma. Aliona uso wa Injinia umeinama mno, akataka kuugeuza kwa wazo jipya. Wazo hilo lilikuja kubwa.

– Ninyi! akasema. Nimelipata! Dunia haizunguki kama pia ya watoto. Inazunguka kama mama anayembembeleza mtoto! Inakwenda hivi, halafu inarudi! Ngojeni niwaonyeshe.

Akasimama kuwaonyesha.

Hakusema nainuka.

Ubao ulinyanyuka upande wa injini ya gari kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Injinia aliachwa amesimama bila kujijua alisimama lini. Tani Moja alishuka chini na kikombe, na kisahani, na neno ambalo dada alilifunika kwa kukohoa. Vumbi likapanda. Redio, ambayo mzee aliiacha juu ya ubao aliposimama, ikateleza mpaka mwisho ikamwangukia tumboni, ikaongezeka sauti yenyewe, ikaanza kusoma taarifa ya hali ya hewa.

Mtoto akaamka. Kila mtu alingoja alie. Akamtazama Tani Moja pale chini, akacheka, akapiga mgongo wa mama yake kwa viganja viwili.

– Hukusema nainuka! Tani Moja alikuwa analia na mzee Redio kutoka ardhini. Mtu mzima! Uliyeiweka sheria!

– Nilikuwa nasema habari ya dunia!

– Kwani dunia ndiyo inakuzuia kusema nainuka?

– Na huyu Sindano kwa nini aliondoka?

– Mimi nilisema nainuka, akajibu Sindano akija mbio na kanda inapepea. Nina mashahidi. Nimesema, nimeitikiwa, nimeondoka kihalali.

– Lakini hukurudi!

– Sheria haisemi kurudi!

Katikati ya kesi hiyo ndipo mdogo mtu alipofika. Alikuwa anatoka shuleni kurudisha vitabu vya maktaba, na amekuja kumchukua dada yake waende kwa mwalimu. Akasimama kando, mikono nyuma.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu, akasema Tani Moja kutoka chini, kwa heshima zote. Karibu. Usikae hapo, tunatengeneza.

Msichana akaokota vikombe kimoja kimoja, akavipangusa kwa pindo la gauni, akampa dada yake. Kisha akawatazama wanaume wanavyougombania ubao.

– Samahani, babu. Ile nainuka, mnaisemea nini?

– Tani asianguke, mjukuu wangu, akasema mzee Redio.

– Na anaanguka kwa nini?

– Kwa sababu mtu hakusema nainuka!

– Na akisema?

– Haanguki. Anashika dirisha.

Msichana alifikiri. Akapiga magoti kwenye vumbi, akainamisha kichwa mpaka nywele zikagusa ardhi, akatazama chini ya ubao. Akapitisha kiganja upande wa chini, kutoka kwenye tofali, polepole, mpaka kwenye mwisho ule uliokuwa hewani. Akarudisha mkono. Akaupitisha tena.

– Kwa nini tofali haliko huku mwisho?

Mzee Redio akafungua mdomo. Sindano akafungua wake. Tani Moja, ambaye ndiye alikuwa na haki ya kujibu kuliko wote, aliligeukia tofali akalitazama kama mgeni ambaye amekuwa akila nyumbani kwako miaka yote, na leo ndiyo unagundua humjui jina.

– Palikuwa na maji, akasema mzee Redio mwishowe.

– Wapi?

– Hapo mwisho. Bomba la duka lilikuwa linavuja, pakawa na tope. Tukaliweka ndani lisizame.

Msichana akaugusa udongo. Ulikuwa mkavu, umepasuka.

– Bomba bado linavuja?

– Lilitengenezwa.

– Lini?

– Kabla Injinia hajarudi, akasema Sindano kwa sauti ndogo.

– Basi kwa nini...

Hakumaliza, maana aliona nyuso zao. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, limekaa pale katikati yao, na hakuna aliyekuwa na pa kulipeleka. Redio ikasema kesho kutakuwa na mawingu kiasi. Injinia alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka.

Dada wa kahawa hakuwa anawatazama wao. Alikuwa anamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa angali magotini, amesahau kwamba gauni lake ni lile la kwenda kwa mwalimu, amesahau kuna watu, ameweka kidole chini ya ubao anausukuma juu kidogo, anauachia, anausukuma. Hakuwa amemwona na uso ule tangu matokeo yalipotoka. Asubuhi, pamoja na ufagio, hakuwa nao.

– Unaitaka? akauliza.

– Nini, dada?

– Fizikia.

Msichana akatoa mkono chini ya ubao, akajipangusa magoti.

– Naiogopa.

– Hilo sikukuuliza.

Msichana akautazama ubao tena.

– Naitaka. Lakini nisipoelewa je? Wote wakielewa, mimi peke yangu nisielewe?

Injinia aligeuka kutoka ukutani, macho bado yana maji ya kicheko.

– Uliza, akasema. Hivi hivi ulivyotuuliza sisi. Watacheka siku ya kwanza. Ya pili watatega sikio, maana na wao hawajaelewa.

– Na akicheka mtu, akasema Sindano, niletee vipimo vyake. Nitamshonea suruali mguu mmoja mfupi.

Dada alilitikisa birika. Hapakuwa na kahawa tena, palikuwa na machicha. Kabla hajayamwaga, Injinia alinyoosha kikombe, kama anyooshavyo kila siku. Kila siku husema anapenda chungu. Dada aliwahi kumwona nyumbani kwake akiweka sukari vijiko mpaka kijiko kikasimama, lakini hakuwahi kumwambia kwamba alimwona. Alimmiminia. Injinia akanywa, akakunja uso, akasema, "Tamu."

– Nendeni, akasema mzee Redio. Ofisi ikishafungwa huyo mwalimu humpati. Najua walimu, wanatoka getini kama wameibiwa.

– Na mtoto? 

– Mlete huku, akasema Tani Moja. Alikuwa bado amekaa ardhini, miguu ameinyoosha mbele, mikono wazi. Mimi hapa siinuki. Na aliyekaa chini haanguki, hiyo ni methali.

– Si methali, akasema Sindano.

– Kuanzia leo ni methali.

Dada akamfungua mtoto mgongoni, akamweka juu ya tumbo lile kubwa, na mtoto akalipiga kama alivyopiga mgongo wa mama yake. Sindano akampangusa msichana vumbi mgongoni na magotini, kwa mapigo madogo ya fundi, huku akimlaumu kwamba kitambaa kizuri kama kile hakipigiwi magoti. Kisha dada na mdogo wake wakashika njia. Nyuma yao wakasikia Sindano anauliza nani ashike tofali, na mzee Redio anasema lazima kwanza wakubaliane upande.

Msichana alisoma fizikia, miaka yote miwili. Tofali lilisogezwa jioni ileile, na benchi halijampindua mtu tena. Hata hivyo mpaka leo, mtu wa upande wa kushoto akitaka kusimama, husema kwanza, "Nainuka!", na Tani Moja hushika nondo ya dirisha.